Kodi Tumekula, Bomba Nani Atengeneze?

Ukitoka Mbamba Bay ukashika njia ya kusini kuelekea mpaka wa Msumbiji, unafika Chiwanda. Nataka tuanzie hapo, ingawa habari yenyewe itatuzungusha Dar es Salaam na Unguja kabla ya kuturudisha ziwani.

Mwaka 2012 Nyasa ilikatwa kutoka Mbinga ikawa wilaya inayojitegemea, makao makuu yakawa Mbamba Bay. Wilaya mpya maana yake ni maafisa wapya, walimu, wauguzi, askari, na wote hao wanahitaji mahali pa kulala. Baadaye lami nayo ikashuka kutoka Mbinga. Basi watu wa mwambao wakagundua biashara ambayo wazee wao hawakuwa nayo: chumba cha kupangisha. Zamani mgeni alikuwa analala kwa mwenyeji wake, anakula dagaa na ugali wa muhogo, anashukuru, anaondoka. Leo mgeni anaulizwa, "Unalipa miezi mingapi?"

Hesabu ya wanaojenga vyumba hivi unaijua, maana ni ileile kutoka Chiwanda mpaka Mbagala. Tofali kiasi gani, bati kiasi gani, simenti, mbao, fundi. Jumlisha. Gawa kwa kodi ya mwaka. Unapata miaka kadhaa, na baada ya hapo "nyumba imejilipa", kinachobaki ni faida mpaka wajukuu. Ni hesabu tamu sana. Tatizo lake ni kwamba ndani yake hamna koki, hamna kitasa, hamna choo kilichojaa.

Na msidhani ni hesabu ya watu wasiosoma. Mwaka 1971 serikali yetu iliiandika kwenye sheria ya nchi.

Kabla ya huko, neno moja kuhusu nyumba za zamani. Nyumba ya miti, udongo na nyasi ilikuwa na sifa ambayo nyumba ya bati haina: ilikuwa haimdanganyi mwenyewe. Kila mtu alijua nyasi zinaoza. Zikipita mvua za misimu michache, paa linaanza kuvuja. Kwa hiyo kiangazi mwenye nyumba anakata nyasi, pombe inapikwa, majirani wanaalikwa, paa linaezekwa upya na ukuta unakandikwa. Gharama ya matengenezo ilikuwepo, tena kubwa, ila ililipwa kwa jasho na kwa pombe, na ilikuwa na msimu wake kama palizi. Hakuna aliyeshangaa.

Halafu likaja tofali la kuchoma na bati. Wamisionari Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898 walijenga kwa matofali, na majengo yao mengi yamesimama hadi leo. Watu huwa wanasema, "Angalia, tofali halifi." Wanasahau kwamba pale misheni kulikuwa na karakana: maseremala, waashi, mafundi bomba, wa kudumu, kazi yao kuzunguka na kuziba. Sisi tulichukua tofali, karakana tukaiacha Peramiho.

Sasa twende Dar es Salaam.

Mara baada ya Uhuru, mwaka 1962, liliundwa Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo wengi tunaliita NHC. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kujenga: kubomoa vibanda vya miti na udongo na kuweka nyumba za kudumu sehemu kama Magomeni. Lakini sehemu kubwa ya nyumba nzuri za kupangisha mjini, yale maghorofa ya katikati ya jiji na Upanga, ilikuwa mikononi mwa watu binafsi, wengi wao Watanzania wenye asili ya Asia. Wengine walijenga kwa mikopo, wakitegemea kodi kulipa deni.

Lilipokuja Azimio la Arusha mwaka 1967, mabenki na viwanda vikubwa vilitaifishwa, nyumba zikabaki. Zamu yao ilifika Aprili 1971. Sheria ya kutwaa majengo ilisema hivi kwa ufupi: jengo lenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi, ambalo limepangishwa, linaweza kuchukuliwa na serikali. Nyumba ambayo mwenyewe anakaa yote iliachwa. Majengo yaliyochukuliwa yalikabidhiwa kwa ofisi mpya, Msajili wa Majumba. Wazee wa mjini mpaka leo ukiwauliza wanakaa wapi watakuambia "nyumba ya Msajili", ingawa Msajili mwenyewe alishafutwa zamani.

Mengi yameandikwa kuhusu sheria hii, kama ilikuwa haki au uonevu, na ilivyowafanya Waasia wengi kufunga mizigo. Siingii huko leo. Mimi kilichonivuta ni kifungu cha fidia. Jengo lililokuwa na umri chini ya miaka 10 lililipiwa fidia, ikipungua kadiri jengo lilivyokuwa na umri. Lililozidi miaka 10 halikulipiwa kitu. Hoja yake ilikuwa kwamba ndani ya miaka 10 kodi imeshamrudishia mwenye nyumba fedha aliyojengea. Yaani nyumba imejilipa!

Ile hesabu ya Chiwanda, mnaiona? Gharama ya kujenga gawa kwa kodi, basi. Ndani yake hakuna shilingi iliyokwenda kwa fundi bomba katika miaka yote hiyo 10, na hakuna shilingi itakayokwenda kwa fundi bomba mwaka wa 11. Waandishi wa sheria walimhesabia mwenye nyumba mapato tu. Halafu serikali ikawa mwenye nyumba, na ikaanza kuonja matumizi.

Na ilionja wakati mbaya. Majengo mengi ya mjini yalijengwa miaka ya 1950 na 1960, mabomba yake ni ya chuma. Bomba la chuma halipasuki likiwa jipya. Linaliwa na kutu ndani kwa ndani, njia ya maji inazidi kuwa nyembamba, presha inapungua ghorofa za juu, halafu miaka 20 au 30 ikifika linaanza kutoboka, leo huku, kesho kule. Piga hesabu: miaka ya 1970 mwishoni na ya 1980. Ndiyo miaka ambayo nchi ilitoka kwenye vita vya Kagera ikiwa haina fedha za kigeni, simenti na mabati vikitafutwa kwa kibali, RTC zikiwa na rafu tupu, na mwaka 1983 watu wakitupa bidhaa usiku kwa kuogopa msako wa wahujumu uchumi. Hata kama Msajili angekuwa na bajeti, bomba la kununua lingetoka wapi?

Lakini bajeti yenyewe ilikuwa finyu, na hapa sikubaliani na wale wanaosema kila kitu kiliharibiwa na kutaifisha. Kulikuwa na mkono wa pili, sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Mizizi yake ni ya enzi za Waingereza, serikali huru ikairithi, na mwaka 1984 ikatungwa upya. Nia ilikuwa njema, mfanyakazi asinyonywe. Ila kodi ikishikiliwa pale pale huku bei ya kila kitu inapanda, baada ya miaka michache kodi ya mwezi hainunui hata bawaba za mlango. Hapo awe serikali, awe Mhindi, awe mzee wa Kariakoo mwenye nyumba yake ya Kiswahili ya vyumba sita na ukumbi katikati, wote wanafanya jambo moja: wanaacha kutengeneza. Mwenye nyumba haongezi kodi, ila anaipunguza nyumba polepole mpaka ilingane na kodi.

Fedha haikupotea, lakini. Ilipita mlango mwingine. Wakongwe wa mjini wanakumbuka kilemba: mpangaji anayehama anamuuzia mpangaji anayeingia ile nafasi ya kulipa kodi ndogo. Kilemba kingeweza kuzidi kodi ya miaka mingi. Tafakari hapo. Mtu alikuwa tayari kutoa fedha nyingi kwa ajili ya nyumba, fedha ipo, lakini inaingia mfukoni mwa anayeondoka, na bomba la jikoni linaendelea kufungwa kwa mpira wa baiskeli.

Unguja walikuwa na somo lao, tena la zamani zaidi, na ndilo linalonifurahisha kuliko yote.

Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko. Nyumba ya namna hiyo inaweza kuishi miaka mingi sana kwa sharti moja: ikae kavu. Maji yakiingia kwenye kichwa cha boriti pale inapokaa ukutani, boriti inaoza bila wewe kuona. Sultani Barghash alileta maji ya bomba mjini kutoka chemchemi za nje ya mji katika utawala wake wa 1870 hadi 1888, akasifiwa kwa haki kabisa, maana maji safi ni uhai. Lakini baadaye bomba lilipopandishwa mpaka bafu na vyoo vya ghorofani, adui akaingizwa ndani ya nyumba ambayo haikujengwa kwa ajili yake. Kiungo kikivuja kidogo kidogo ghorofa ya pili, anayejua ni boriti tu.

Nyumba nyingi kati ya hizo zilikuwa wakfu. Mtu anaweka nyumba yake wakfu, haiuzwi wala hairithiwi kwa kugawanywa, kodi yake inakwenda kwa msikiti, kwa masikini au kwa kizazi chake. Na sheria ya wakfu ina utaratibu ambao laiti Msajili angeuiga: mapato ya wakfu kwanza ni kwa matengenezo ya wakfu wenyewe. Anayestahili kula anakula baadaye, katika kinachobaki. Hata kama ni mtoto wa aliyeweka wakfu, hata kama ana njaa. Kwa nini? Kwa sababu nyumba ikianguka hakuna wakfu tena. Sisemi kila msimamizi aliufuata, binadamu ni binadamu. Ila angalau kwenye karatasi fundi alikuwa mbele ya foleni.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitwaliwa, familia zikagawiwa vyumba kwa kodi ndogo sana. Nyumba ya familia moja ikawa na familia nne au tano, kila moja na ndoo zake, jiko lake, na paa likawa la kila mtu, yaani la hakuna mtu. Zikaanza kuanguka. Mamlaka ya kuhifadhi mji iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe kwenye orodha ya urithi wa dunia. Heshima hiyo haikuzuia mvua. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Barghash mwenyewe la mwaka 1883, liliporomoka likiwa kwenye ukarabati na kuua watu wawili. Ukarabati uliochelewa una hatari hiyo: unaanza kugusa ukuta ambao ulikuwa umesimama kwa mazoea tu.

Turudi bara. Mwaka 1990 Msajili wa Majumba alifutwa, nyumba zake zikaingizwa NHC. Katika miaka ya 1990 shirika lilianza kutoza kodi zinazokaribia za soko, na wapangaji wakalia sana, wengine wakakimbilia mahakamani. Shirika nalo likagundua kwamba jengo la zamani katikati ya jiji thamani yake iko kwenye kiwanja, si kwenye kuta. Ikaja miradi ya ubia: mtu binafsi analeta mtaji, jumba la zamani linabomolewa, ghorofa linapanda. Kwa hesabu ya fedha ilikuwa akili. Lakini Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa mtaa wa Indira Gandhi kwa ubia wa namna hiyo liliporomoka, watu 36 wakafa. Na Novemba 16, 2024 likaanguka jengo la biashara Kariakoo, likiwa na watu ndani, wakafa zaidi ya 20. Walionusurika walieleza kwamba chini kulikuwa kunachimbwa kupanua nafasi ya maduka. Niliposoma habari ile nilikumbuka ile hesabu: kila futi ya jengo izae kodi, hata iliyo chini ya msingi.

Sheria ya kudhibiti kodi ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni makubaliano. Wengi wanaamini pia kwamba tangu hapo hakuna sheria yoyote, mwenye nyumba ni mfalme. Si kweli. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka anayepangisha nyumba au chumba cha kuishi ahakikishe panafaa kuishi binadamu, na aliyepangisha sehemu tu ya jengo, kama vyumba vya kwetu hivi, atunze paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu za pamoja. Hayo yanahesabiwa kuwemo kwenye mkataba hata kama hamkuyaandika. Mpangaji naye ana wajibu wa kutunza alichokabidhiwa. Kwa hiyo swali la "choo kimeziba, nani alipe?" lina jibu la kisheria tangu zamani. Ila mikataba yetu mingi ni maneno matatu kwenye karatasi ya daftari: jina, kiasi, miezi.

Na hiyo miezi ni tatizo jingine. Mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Akiipata, anaezeka banda la pili. Mwezi wa nne paa la banda la kwanza linavuja, fedha imeshageuka tofali upande wa pili wa kiwanja. Hana hila wala ubaya, hana kitu tu. Kodi ameila kabla ya mvua.

Chiwanda mvua ni moja, inaanza Novemba au Desemba mpaka Aprili, ikinyesha inanyesha. Afadhali maji ya Ziwa Nyasa si ya chumvi, bati la mwambao haliliwi kama la Tanga au Mombasa. Mashaka ya huku ni mengine. Kuna misumari iliyolegezwa na upepo wa ziwa. Kuna mbao za kenchi ambazo hazikutiwa dawa, mchwa wanakaribishwa bure. Kuna tofali lililochomwa nusunusu, nje jekundu ndani udongo, linalonyonya unyevu kutoka chini mpaka plasta inabanduka kama ganda la muhogo.

Choo ndiyo habari kubwa. Ardhi ya ufukweni ni mchanga na maji ya chini yako karibu. Shimo lisilojengewa kuta linabomoka, na lililo karibu na kisima linarudisha kwenye ndoo kile mlichokitoa. Vyumba sita vya wapangaji, watu labda 15, shimo lililopimwa kwa familia moja. Mjini likijaa unaita gari la kunyonya. Kijijini unachimba jingine, na kiwanja kina mwisho. Anayesogea karibu na maji ili apate wapangaji wa kitalii akumbuke mambo mawili: sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ziwa lenyewe lina kumbukumbu, mwaka 1980 lilipanda mno, likadai maeneo ambayo watu walidhani ni nchi kavu.

Tupige hesabu ya mfano. Vyumba 6, kila kimoja shilingi 30,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 2,160,000. Chumba kimoja kikikaa miezi miwili bila mtu, toa 60,000. Ukitenga sehemu moja ya kumi ya kodi yote kama fungu la fundi, ni 216,000 kwa mwaka. Hiyo ni koki, vitasa, rangi ya chumba kila mpangaji anapohama, na mabati mawili matatu. Miaka mitano bila kuligusa, 1,080,000, ndipo unaweza kuongelea shimo jipya lililojengewa au kubadilisha mbao za upande mmoja wa paa. Paa zima? Bado. Kwa hiyo ile "miaka kadhaa nyumba imejilipa" ongeza mingine juu yake. Ni biashara bado, tena nzuri, ila si ile uliyosimuliwa.

Na vifaa vina bei mbili. Koki ya rahisi inafungwa leo, inavuja kabla ya Krismasi, na wakati huo fundi yuko Mbamba Bay, spea iko Mbinga au Songea. Nauli inazidi koki. Halafu bomba lenyewe ni moja, liko uani, la wote. Nani aliliacha wazi usiku? Hakuna. Luku nayo ni moja, lakini hayo ya Luku ni ugomvi wa siku nyingine.

Wengine wameanza utaratibu wao: mpangaji anamlipa fundi, mwenye nyumba anakata kwenye kodi ijayo. Unafanya kazi vizuri pale kuna risiti na pale mwenye nyumba alikubali kabla. Pasipo karatasi inakuwa, "Mimi nilikutuma?" Hapo watu wanakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, halafu baraza la kata. Lakini tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, haliamui tena. Wasipopatana, kesi inatakiwa iende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko kuna nauli, kuna siku za kazi zinazopotea, kuna kuahirishwa. Kwa koki ya nusu inchi hakuna anayekwenda. Mpangaji anahama, anayeingia anakuta ndoo imekingwa chini ya bomba, anaonyeshwa chumba, anaulizwa miezi mingapi.